Sindano ya steroidi na upasuaji: Funzo la miaka ya korona kwa wagonjwa wa viungo

WAGONJWA wa magoti na nyonga ambao upasuaji wao uliahirishwa janga la Covid-19 lilipobisha hodi nchini mwaka 2020 walijikuta katika njia panda. Wangeweza kuvumilia maumivu bila kujua siku ya kuitwa hospitalini, au kudungwa sindano ya steroidi ndani ya kiungo na kupata nafuu ya majuma machache.

Uamuzi huo ulionekana mwepesi, ilhali haukuwa hivyo. Sindano iyo hiyo inayotuliza goti huongeza uwezekano wa kiungo bandia kuingiwa na bakteria iwapo upasuaji utafanywa upesi baada yake. Maadamu hakuna aliyeweza kutaja tarehe ya upasuaji, hakuna pia aliyeweza kusema kwa hakika iwapo sindano hiyo ingemfaa mgonjwa au ingemponza.

Janga lilitangazwa kukoma kuwa dharura ya kimataifa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mnamo Mei 5, 2023. Foleni za upasuaji, hata hivyo, hazikwisha, na swali hilo lingali linawakabili wagonjwa wengi. Makala haya yanaeleza namna ya kulipima.

Machakos iliyokatwa vipande viwili

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe. Kafyu ya usiku ilianza Machi 27. Aprili 6, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake.

Kwa wakazi wa Machakos, agizo hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa kuwa mpaka ulipita ndani ya kaunti yao. Athi River na Katani ziliwekwa upande wa Nairobi, huku mji wa Machakos, Kangundo, Mwala na Masii zikibaki upande wa pili. Marufuku hiyo ilidumu hadi Julai 7, 2020.

Aliyekuwa akihudhuria kliniki ya mifupa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au aliyetarajia kubadilishiwa goti katika Hospitali ya PCEA Kikuyu, hakuweza tena kupanda matatu asubuhi na kurejea jioni. Njia ya kawaida ya kwenda Kikuyu kutoka Machakos hupitia Nairobi.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Machi 26, 2021, Machakos iliwekwa kundi moja na Nairobi, Kajiado, Kiambu na Nakuru, na usafiri wa kuingia na kutoka katika kaunti hizo tano ukapigwa marufuku hadi Mei 1. Safari hii waliofungiwa nje ni majirani wa Makueni na Kitui, ambao baadhi yao hutegemea Hospitali ya Machakos Level 5.

Kati ya vipindi hivyo viwili, Desemba 2020, wauguzi na maafisa wa kliniki katika kaunti nyingi waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Mgonjwa wa goti, ambaye maumivu yake hayahesabiwi kuwa ya dharura, alirudishwa nyuma ya foleni tena na tena.

Hali hiyo haikuwa ya Kenya pekee. Kundi la watafiti wa kimataifa lijulikanalo kama CovidSurg lilikadiria mnamo Mei 2020 kwamba upasuaji milioni 28.4 usio wa dharura ungeahirishwa au kufutwa duniani katika majuma 12 ya kilele cha wimbi la kwanza.

Dawa yenyewe

Steroidi zinazodungwa viungoni ni ndugu wa kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Hazifanani na steroidi za kujenga misuli ambazo wanariadha hupigwa marufuku kwa kuzitumia. Kazi yake ni kupoza uvimbe na mchomo.

Safari ya dawa hizi ilianza Septemba 1948, wakati Dkt Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walipomdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, akapata nafuu ya kushangaza katika siku chache. Miaka miwili baadaye, Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mnamo 1951, Joseph Hollander wa Philadelphia alieleza jinsi ya kuidunga haidrokotisoni moja kwa moja ndani ya kiungo. Shabaha ilikuwa kupeleka dawa pale inapohitajika na kuupunguzia mwili madhara yanayotokana na kumeza vidonge kwa muda mrefu.

Zinazotumika sana leo ni methilprednisoloni na triamsinoloni, ambazo wagonjwa wengi huzijua kwa majina ya kibiashara ya Depo-Medrol na Kenalog. Kwa goti la mtu mzima, dozi ya kawaida ni miligramu 40, na aghalabu huchanganywa na dawa ya ganzi. Dawa hizi zimeundwa ziyeyuke polepole ili zikae kiungoni kwa majuma kadhaa.

Nafuu ya kukopa

Ni muhimu mgonjwa afahamu kile ambacho sindano hii haifanyi. Haioteshi upya gegedu lililolika wala hainyooshi mfupa uliopinda. Huleta nafuu ya muda tu.

Uchanganuzi wa tafiti 27 kuhusu magoti yaliyochakaa, uliochapishwa na Cochrane mwaka 2015, ulionyesha kwamba huenda sindano hizi hupunguza maumivu kwa kiasi katika majuma ya kwanza, lakini kufikia miezi 6 hakukuwa na dalili ya manufaa. Ubora wa tafiti nyingi kati ya hizo ulitiliwa shaka na wachanganuzi wenyewe.

Utafiti mwingine uliochapishwa 2017 katika jarida la JAMA uliwafuata wagonjwa 140 kwa miaka 2. Waliodungwa triamsinoloni kila baada ya majuma 12 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua zaidi.

Hii haimaanishi kwamba sindano ni bure. Kwa mama wa Mwala anayelazimika kupanda na kushuka matuta ya fanya juu akiwa na jembe, au kuteka maji bondeni, majuma 6 ya kulala usingizi na kutembea bila kuchechemea si jambo dogo. Nafuu hiyo, hata hivyo, ni mkopo, na dawa ya deni ni kulipa. Kwa anayengoja upasuaji, siku ya malipo yaweza kuwa siku ile ile anapoingia chumba cha upasuaji.

Kwa nini miezi 3

Kiungo bandia hakina damu wala kinga yake. Bakteria wakikifikia, hujijengea utando juu ya chuma na plastiki ambao dawa za kuua viini huupenya kwa shida. Maambukizi ya aina hii huwapata wagonjwa wachache, yapata mmoja au wawili katika kila 100, lakini yakitokea huweza kulazimu kiungo kiondolewe, dawa zitumike kwa majuma mengi, kisha upasuaji urudiwe.

Steroidi iliyosalia kiungoni hudhoofisha walinzi wa mwili mahali palepale daktari anapokwenda kupasua. Tafiti zilizokusanya rekodi za maelfu ya wagonjwa nchini Marekani zimeonyesha kwamba waliodungwa katika miezi 3 kabla ya kubadilishiwa goti au nyonga walipata maambukizi zaidi kuliko wasiodungwa. Waliodungwa mapema zaidi ya hapo hawakuonyesha tofauti ya wazi.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni inayofuatwa na madaktari wengi wa mifupa, kwamba ipite angalau miezi 3 kati ya sindano na upasuaji wa kuweka kiungo bandia. Kwa upasuaji wa bega unaofanywa kwa kamera, tafiti zimeonyesha hatari kubwa zaidi sindano inapotangulia kwa chini ya mwezi mmoja.

Jambo la pili ni kotisoli. Sehemu ya dawa huvuja kutoka kiungoni na kuingia katika damu, na tezi za adrenali, zikidhani kwamba mwili umejaa kotisoli, hupunguza kazi kwa kati ya juma moja na majuma 4, wakati mwingine zaidi. Mwili unapopasuliwa huhitaji homoni hiyo kwa wingi. Ndiyo sababu daktari wa nusukaputi hana budi kuelezwa kuhusu sindano yoyote ya karibuni.

Baada ya upasuaji, kanuni hugeuka kuwa kali zaidi. Kiungo kilichokwisha kuwekewa bandia kwa kawaida hakidungwi steroidi, na maumivu mapya ndani yake huchunguzwa kwanza kama dalili ya maambukizi.

Korona ilivyogeuza mizani

Katika majuma ya mwanzo ya janga, hofu kuu ilikuwa kwamba steroidi zingeupokonya mwili silaha dhidi ya virusi vipya. Hofu hiyo haikutoka hewani. Utafiti wa Mayo Clinic uliochapishwa 2018 ulikuwa umehusisha sindano za viungo na ongezeko la mafua hata miongoni mwa waliochanjwa.

Nchini Uingereza, vyama vya madaktari vilishauri mwaka 2020 kwamba sindano zitolewe tu pale maumivu yalipokuwa makali na njia nyingine zimeshindwa, na kwa dozi ya chini kabisa inayoweza kufaa. Baadaye, madaktari wa nchi hiyo waliowafuatilia wagonjwa wao waliodungwa wakati wa janga hawakuona ongezeko la wazi la Covid-19 miongoni mwao.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa upasuaji wenyewe. Taarifa ya CovidSurg katika jarida la The Lancet, Mei 2020, ilihusu wagonjwa 1,128 katika nchi 24 waliopatikana na virusi karibu na wakati wa upasuaji. Asilimia 23.8 walifariki katika siku 30. Wengi wao walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa dharura, lakini takwimu hizo zilitosha kumfanya daktari yeyote asite kumwita hospitalini mzee mwenye goti bovu.

Machi 2021, watafiti hao walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 140,000 katika nchi 116. Waliopasuliwa ndani ya majuma 6 baada ya kuambukizwa walikuwa na kiwango cha vifo cha takribani asilimia 4, ilhali waliongoja majuma 7 au zaidi walikuwa na asilimia 1.5, sawa na wasioambukizwa kamwe.

Matokeo hayo yalikusanywa kabla ya chanjo kuenea. Mwaka 2023, vyama vya madaktari wa nusukaputi vya Marekani vilipendekeza kungoja angalau majuma 2 kabla ya upasuaji usio wa dharura, na hadi majuma 7 kwa wagonjwa walio katika hatari zaidi.

Hivyo mgonjwa wa viungo alikuwa na saa mbili za kuhesabu, ya sindano na ya virusi. Aliyedungwa Mei na kuambukizwa Julai alitakiwa angoje saa iliyochelewa zaidi kati ya hizo mbili.

Utata wa deksamethasoni

Juni 16, 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, steroidi ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Covid-19 waliosaidiwa na mashine kupumua, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni. Dozi ilikuwa miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10.

Habari hizo ziliwachanganya wengi. Yawezekanaje dawa inayohofiwa kudhoofisha kinga iwe ndiyo inayookoa maisha? Jibu limo katika wakati. Mwanzoni mwa ugonjwa mwili unahitaji kinga ipambane na virusi. Baadaye, kwa walio mahututi, ni kinga hiyo hiyo iliyopandwa na ghadhabu inayoharibu mapafu, na steroidi huituliza. Utafiti haukuonyesha manufaa yoyote kwa wasiohitaji msaada wa kupumua, na WHO ilisisitiza Septemba 2020 kwamba wasipewe.

Sindano ya goti, basi, haikuwa kinga wala tiba ya korona.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Wenye kisukari ni wa kwanza. Sindano moja huweza kupandisha sukari ya damu kwa siku kadhaa hadi juma zima, na sukari iliyopanda huzidisha hatari ya kidonda cha upasuaji kuoza. Wapime sukari mara nyingi zaidi katika siku hizo.

Wa pili ni wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zilizo na ritonaviri. Ritonaviri huzuia ini kuvunjavunja steroidi, hususan triamsinoloni, hata sindano moja ikakaa mwilini kama dozi kubwa ya miezi. Uso huvimba, sukari hupanda, na tezi za adrenali huzimika. Dawa zenye dolutegraviri, ambazo ndizo hutolewa kwa wagonjwa wengi nchini, hazina tatizo hilo, bora zisiambatane na ritonaviri. Ikumbukwe kwamba dawa ya Covid-19 iitwayo Paxlovid pia ina ritonaviri.

Mgonjwa ana haki ya kutunza siri yake, lakini siri hii aipe angalau masikio ya daktari anayemdunga.

Wa tatu ni wenye kiungo kilichovimba bila sababu kujulikana. Kifua kikuu hushambulia pia magoti, nyonga na uti wa mgongo, na nchini Kenya hakijatokomezwa. Kudunga steroidi katika kiungo chenye kifua kikuu au usaha ni kumfungulia adui lango. Kiungo cha aina hiyo huchunguzwa kwanza.

Wa nne ni wanaomeza prednisoloni kila siku kwa ajili ya baridi yabisi, pumu au magonjwa mengine. Hawa wasiache dawa ghafla kwa kuogopa upasuaji au virusi. Mwili uliozoea steroidi ya nje waweza kuishiwa nguvu na shinikizo la damu kuporomoka. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa 2022 unashauri waendelee na dozi yao ya kawaida wanapobadilishiwa goti au nyonga.

Kuna pia wanaonunua sokoni dawa za maumivu zisizo na lebo. Nafuu ya ajabu inayopatikana kwa siku moja huweza kuwa imetokana na steroidi iliyofichwa ndani yake, na daktari hawezi kuhesabu asichokijua.

Namna ya kupima

Mizani inaweza kuwekwa wazi kwa mifano mitatu.

Mwenye tarehe ya kubadilishiwa kiungo katika miezi 3 ijayo, kwa kawaida sindano haimfai. Atumie njia nyingine hadi siku hiyo.

Asiye na tarehe, na ambaye hospitali imemwambia waziwazi kwamba hataitwa kwa nusu mwaka au zaidi, anaweza kufaidika na sindano moja ya dozi ya kiasi, bora ajue kwamba akiitwa mapema huenda akalazimika kuahirisha. Huyu ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kawaida wa 2020, na tatizo lake lilikuwa kwamba aghalabu hakuna aliyeweza kumpa hakikisho hilo.

Aliyevunjika nyonga au kuumia katika ajali ya bodaboda ni suala jingine. Upasuaji wa dharura haungoji miezi 3. Kinachotakiwa ni madaktari wafahamu habari za sindano ili wajiandae.

Njia nyingine zipo. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzani, mkongojo unaoshikwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu, na dawa ya kupaka ya diklofenaki husaidia wengi. Vidonge vya aina ya ibuprofeni vitumiwe kwa ushauri, hasa kwa wazee na wenye maradhi ya figo, vidonda vya tumbo au shinikizo la damu.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili, mgonjwa sharti aulizwe, naye aulize: Ni dawa gani ninayodungwa, na kwa miligramu ngapi? Je, niko katika orodha ya upasuaji, na lini? Nikiitwa kabla ya miezi 3, nani ataamua? Ninatumia dawa gani nyingine zinazoweza kugongana na hii?

La muhimu kuliko yote ni maandishi. Tarehe ya sindano, jina la dawa, dozi na kiungo kilichodungwa viandikwe katika kadi ya kliniki, na kadi hiyo isafiri na mgonjwa. Anayedungwa Tala huenda akapasuliwa Kikuyu na daktari ambaye hajawahi kumwona, na faili lililobaki nyuma halisemi.

Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF. Bima ikibadilika, daktari akihamishwa au kliniki ikifungwa, kadi hubaki mfukoni mwa mwenyewe. Gharama yake ni kalamu na dakika moja. Kuikosa kwaweza kumgharimu mgonjwa goti jipya alilolingojea kwa miaka.